Nani Kala Salio? Vidokezo 12 vya Kuinyoosha Bili ya Simu za Intaneti

Mwisho wa mwezi umefika. Mhasibu anaingia na karatasi mbili mkononi: bili ya kampuni ya simu, na ripoti iliyotoka kwenye seva yenu. Hii inasema hivi, ile inasema vile, na macho yote yanakugeukia wewe, "mtu wa kompyuta", ambaye jana ulishinda ukichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Pole sana. Lakini vuta pumzi, kazi hii ni nyepesi kuliko inavyotisha.

Vidokezo hivi ni vya yeyote anayelea seva ya simu kwenye shule, kituo cha afya, kambi ya watalii au ofisi, uwe Kenyamonta, Mugumu, Nyamongo au Tarime mjini. Nimechukulia kwamba seva yako inaendeshwa na Asterisk, au kitu kilichojengwa juu yake kama FreePBX. Asterisk ni ya bure, na asili yake itakufurahisha: Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, kwa sababu kikampuni chake hakikuwa na fedha za kununua mtambo wa simu. Yaani ni programu iliyozaliwa na ukata. Tutaelewana nayo.

Na usijione mshamba wa mambo haya. Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa ICT4RD, uliozikutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden, ulizichagua Bunda na Serengeti kuwa mahali pa kujaribia intaneti ya kasi vijijini, kwa kutumia nyaya za mwanga za TANESCO. Mkoa wa Mara ulishaanza zamani.

Kabla hatujaanza, shika hili: rekodi ya simu hupotea mara chache sana. Mara nyingi ipo, ila imeandikwa kwa saa nyingine, kwa jina jingine, au kwenye faili ambalo hujalifungua. Twende.

1. Piga simu moja, shika saa

Usifungue mipangilio yoyote kwanza. Chukua simu ya mezani, tuseme namba ya ndani 201, piga simu yako ya mkononi. Iache iite sekunde 15, ipokee, hesabu sekunde 30, kata. Kisha nenda kwenye seva uandike: tail -n 1 /var/log/asterisk/cdr-csv/Master.csv

Utaona mstari mmoja mrefu uliojaa alama za mkato. Usiogope, tafuta vitu vichache tu. Kuna aliyepiga (201), kuna aliyepigiwa (namba yako), kuna nyakati tatu: simu ilipoanza, ilipopokelewa na ilipokatwa. Halafu zinafuata namba mbili zilizokaa jirani, mfano 45 na 30, na baada yake neno ANSWERED. Hizo namba mbili ndizo chanzo cha ugomvi mwingi maofisini. Ya kwanza, duration, ni muda wote tangu simu ilipoanza, pamoja na ile "ngriii" ya kusubiri. Ya pili, billsec, ni muda wa maongezi tangu simu ilipopokelewa. Kampuni hukutoza kwa maongezi. Kama ripoti ya ofisi yenu inajumlisha safu ya kwanza, basi mmekuwa mkijitoza wenyewe mlio wa simu. Badilisha safu, rudi kwa mhasibu, omba chai.

Hakuna zana inayoishinda simu hii ya majaribio, kwa sababu ni simu pekee unayojua ukweli wake wote. Utaitumia tena na tena.

2. Uliza kama mwandishi yupo kazini

Umepiga na hakuna mstari ulioongezeka? Ingia kwenye dirisha la Asterisk kwa asterisk -rvvv, kisha andika cdr show status (hiyo cdr ni kifupi cha Kiingereza cha rekodi ya simu). Seva itakujibu kama uandikaji umewashwa, na itakutajia moduli zinazopokea rekodi. Ikisema umezimwa, fungua cdr.conf na uhakikishe kuna enable=yes. Ikisema umewashwa lakini haitaji moduli hata moja, basi rekodi inatengenezwa kisha haina pa kwenda. Andika module show like cdr uone nini kimepakiwa na nini hakijapakiwa.

Kwa watumiaji wa FreePBX, rekodi huenda kwenye hifadhidata iitwayo asteriskcdrdb, jedwali la cdr. Kosa linalopendwa ni mtu kubadilisha neno la siri la hifadhidata kwa nia njema ya usalama, halafu akasahau kulibadilisha kwenye mipangilio ya ODBC ya Asterisk. Simu zinapigika vizuri, watu wanacheka, ripoti inabaki tupu. Amri ya odbc show itakuonyesha kama mlango wa hifadhidata uko wazi.

Ujanja wa bure: hata ukiwa na hifadhidata nzuri namna gani, acha na lile faili la CSV liendelee kuandikwa. Hifadhidata ikigoma wiki nzima, faili linakuwa shahidi wako.

3. Saa ya seva si saa ya kijiji

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanaposingiziana.

Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile ya UTC. Seva nyingi zikitoka kufungwa huwa bado ziko kwenye UTC. Mwalimu anapiga simu alfajiri saa kumi na mbili na nusu, yaani 06:30 kwa saa ya kompyuta. Seva inaandika 03:30. Anayesoma ripoti anaona saa tisa na nusu ya usiku, na aliyekuwepo ofisini muda huo ni mlinzi peke yake. Unaona kesi inavyotengenezwa? Mzee wa watu analinda geti, kesho anaitwa kujieleza.

Sasa ongeza mkorogo wa pili: karani mwingine anaiona hiyo 03:30 na kuisoma moja kwa moja "saa tatu na nusu asubuhi", kwa saa zetu tulizozoea. Simu moja imeshapata nyakati tatu, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Dawa ni dakika mbili. Andika timedatectl uone seva inadhani iko wapi. Kama haiko kwetu: timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha iwashe Asterisk upya kwa core restart gracefully, ambayo husubiri simu zinazoendelea ziishe. Halafu chungulia cdr.conf. Kuna mstari wa usegmtime, na ukiwa umewekwa yes, rekodi za faili la CSV zitaandikwa kwa saa ya dunia hata kama seva yenyewe iko sawa. Mwisho, juu ya kila ripoti unayochapisha weka maelezo mafupi: "Saa hizi ni za kompyuta, 09:00 ni saa tatu asubuhi." Utawaokoa wengi.

Hesabu nayo inaguswa. Simu iliyopigwa saa saba usiku ya kuamkia tarehe 1 itasomeka tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita, saa 22:00. Kampuni imeiweka kwenye bili ya mwezi huu, seva yenu imeiweka kwenye ule uliopita. Hamjaibiwa, mmepishana saa tu.

4. Umeme ukikatika, nani anashika kalamu?

Kuna mpangilio kwenye cdr.conf unaoitwa batch. Ukiwa no, kila simu ikiisha huandikwa papo hapo. Ukiwa yes, seva hukusanya rekodi kwenye kumbukumbu ya muda na kuziandika kwa mkupuo, kwa kawaida zikifika 100 au zikipita sekunde 300. Mtindo huo unawafaa wenye simu nyingi kupindukia na umeme usiotetereka. Wewe una vitu hivyo viwili? Basi weka no. Hizi ndizo rekodi chache zinazopotea kikweli: umeme ukizimika ghafla, kilichokuwa hakijaandikwa hakirudi. Kama ni lazima ubaki na yes, andika cdr submit kabla ya kuizima seva kwa hiari yako.

Tatizo la pili la umeme ni saa. Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina kibetri cha duara, CR2032, kinachotunza saa ikiwa imezimwa. Kikifa, kila umeme ukirudi seva inaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Kibetri ni cha bei ndogo, kinunue leo. Na kama mmejibana mkatumia Raspberry Pi, fahamu kwamba matoleo yake yote hadi la 4 hayana saa ya ndani. Inaulizia saa kwenye intaneti kila inapowaka, na intaneti ikichelewa, simu za mwanzo zitapata tarehe za ajabu.

5. Simu ya saa tisa mfululizo

Siku moja utaikuta: simu ya sekunde 32,400 kwenda kwa mtu aliyeko Musoma. Saa tisa! Ofisi nzima itataka kujua ni mapenzi ya namna gani hayo.

Si mapenzi, mura. Ni mtandao. Simu ya intaneti inapoisha, upande mmoja hutuma ujumbe mfupi wa kuaga uitwao BYE. Kama ofisi yenu inategemea ruta ya 4G na mnara ukazimika katikati ya maongezi, ule ujumbe haufiki. Wazungumzaji wameshaweka simu chini na kwenda kula ugali, seva bado inasubiri kwa adabu.

Kwenye pjsip.conf, kwenye sehemu ya tranki yenu, yaani njia inayowaunganisha na kampuni ya simu, weka rtp_timeout=60. Sauti ikikosekana dakika nzima, seva inakata. Ongeza na rtp_timeout_hold yenye muda mrefu kidogo kwa simu zilizowekwa kusubiri. Unaweza pia kuweka ukomo wa jumla kwenye mpango wa upigaji, Set(TIMEOUT(absolute)=3600), na hakuna simu itakayovuka saa moja. Meneja akilalamika kwamba mikutano yake hukatwa, hilo ni suala la meneja kujifunza kufupisha.

Kujua kama kuna simu ya mzimu kama hiyo sasa hivi, andika core show channels verbose. Ukiona njia iliyo wazi kwa saa kadhaa na hakuna mtu mwenye simu sikioni, ikate kwa channel request hangup na jina la njia hiyo.

6. "Imepokelewa" na nani, hasa?

Neno ANSWERED lina ujanja. Likitumika kwa simu zinazoingia, maana yake ni kwamba kitu fulani kilipokea, na kitu hicho kinaweza kuwa sauti yenu ya mashine: "Karibu, kwa mapokezi bonyeza moja." Mpigaji akasikiliza wimbo dakika nne, akachoka, akakata. Ripoti inaonyesha simu imepokelewa, na mkurugenzi anajisifu kwenye kikao kwamba hapotezi simu hata moja. Angalia safu ya lastapp ujue simu iliishia kwenye hatua gani. Ikiwa iliishia kwenye foleni au kwenye kucheza sauti, bila simu ya pili iliyounganishwa, hakuna binadamu aliyeongea.

Kwa simu zinazotoka, mtuhumiwa ni waya wa shaba wa zamani. Laini nyingi za aina hiyo hazimwambii mtambo kwamba mtu wa upande wa pili amepokea. Asterisk ikishamaliza kubonyeza namba, inahesabu kwamba simu imepokelewa na kuanza kupima muda. Jaribu: jipigie mwenyewe kupitia laini hiyo, usipokee, kata, kasome rekodi. Ukikuta ANSWERED na sekunde kadhaa za maongezi, umempata. Baadhi ya laini hutuma ishara ya kugeuza mkondo wa umeme simu inapopokelewa. Uliza mwenye laini kama yenu inatuma, na kama ndiyo, weka answeronpolarityswitch=yes kwenye chan_dahdi.conf. Kama haitumi, usiitumie laini hiyo kupima bili.

7. Simu moja, mistari mitano

Mteja amepiga mapokezi, simu tano zikalia pamoja, mmoja akapokea, akamhamishia mhasibu. Ukihesabu mistari unaweza kupata mingi tu. Ukihesabu simu, ni moja. Tangu toleo la 12, Asterisk huandika rekodi kwa kila jozi ya pande zilizokutana, hivyo simu inayohamishwa hamishwa huacha nyayo nyingi. Usihesabu mistari. Panga kwa safu ya linkedid kama hifadhidata yenu inayo, maana mistari yote ya simu moja hubeba namba hiyo moja.

Kuna na kinyume chake, simu zisizo na mstari hata mmoja. Mtu akipiga kisha akakata kabla mtambo haujapokea wala kuita simu nyingine yoyote, kwa kawaida haiandikwi. Ukizitaka nazo, weka unanswered=yes.

8. Usimshtaki 201 bure

Ripoti inaonyesha simu zote za nje zimepigwa na namba moja, ile kuu ya ofisi. Haiwezekani, watu kumi mna simu kumi! Kinachotokea ni kwamba simu inapotoka nje, seva humvalisha mpigaji namba ya ofisi ili mteja aione, na safu ya src inaweza kubeba hiyo namba ya kuvaa. Achana nayo. Soma safu ya channel, pale utakuta kitu kama PJSIP/207-0000002a. Hiyo 207 ndiyo simu halisi iliyonyanyuliwa. Kwenye FreePBX, safu ya cnum husaidia pia.

Lakini simu iliyonyanyuliwa si mtu. Simu ya chumba cha walimu inatumiwa na kila mwenye mikono. Mpe kila mmoja namba yake ya siri na utumie Authenticate yenye chaguo la a kabla ya simu ya nje. Namba ya siri aliyoiingiza itaandikwa kwenye safu ya accountcode, na ripoti itamtaja mwenyewe. Siku ya kwanza watanung'unika. Mwisho wa mwezi utashangaa jinsi salio linavyodumu.

9. Dakika za kampuni, sekunde zako

Umeshasahihisha yote hayo na bado bili ni kubwa? Soma mkataba, tafuta mnatozwa kwa sekunde au kwa dakika. Chukua simu 40 za sekunde 10 kila moja. Kwa sekunde, jumla ni 400, hazifiki hata dakika saba. Kwa dakika, kila simu inapandishwa hadi dakika nzima: dakika 40. Mtu akijumlisha sekunde kwanza halafu akagawa, hatapata jibu la kampuni hata akeshe. Pandisha kila simu peke yake, ndipo ujumlishe. Usisahau pia kuangalia kama bei uliyoweka kwenye jedwali ina VAT ya asilimia 18 ndani yake au bado.

Halafu kuna namba zenyewe. Zamani ulikuwa ukiona 075 unasema Vodacom, ukiona 078 unasema Airtel. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazikuhakikishii chochote. Kama bei yenu inatofautiana kati ya mtandao na mtandao, tegemea tofauti ndogo hapa na pale, na usipoteze usingizi kwa ajili yake.

Tofauti kubwa iko mpakani, na sisi wa Tarime tunaijua Sirari. Kenya hupigwa kwa 00254, kwa +254, na pia kwa mkato wa Afrika Mashariki, 005. Uganda nayo ina mkato wake, 006. Sasa mtu wako anapiga namba ya Kenya inayoanza na 0722 kwa kutumia huo mkato: 005722 na kuendelea. Programu ya bili iliyoandikwa ughaibuni inaondoa 00, inaona 57, na kumtoza bei ya Colombia! Namba ya Uganda inayoanza na 077 itakuwa 00677, na 677 ni Visiwa vya Solomon. Ukikuta ofisi yenu ina marafiki wengi huko Pasifiki, ongeza kanuni mbili kwenye jedwali la bei, 005 ni Kenya na 006 ni Uganda, ziwe juu ya kanuni ya jumla ya 00.

10. Wageni wa usiku wa manane

Umeshasahihisha saa kama ilivyo kwenye namba 3? Vizuri, sasa ndiyo uangalie simu za nje ya nchi zilizopigwa kati ya 00:00 na 05:00. Zikiwa nyingi, zinafuatana, na ziko kwenye nchi ambazo hakuna mwenzenu mwenye shemeji, mmevamiwa. Wezi hawa hutafuta usiku na mchana seva zilizo wazi kwenye mlango wa 5060, hubahatisha maneno ya siri, na namba ya ndani 100 yenye neno la siri 100 ni karamu kwao.

Hatua za haraka: kata simu za nje ya nchi kwenye tranki mara moja, waambie kampuni waweke ukomo wa matumizi ya siku, badilisha maneno yote ya siri, funga fail2ban. Uchunguzi utafuata baadaye, salio halisubiri uchunguzi.

Hata nchi inapambana na wizi wa simu, ingawa wa aina nyingine. Simu za kimataifa zilikuwa zikipitishwa kwenye visanduku vya laini za kawaida ili zionekane za ndani, na mapato yakapotea. Ndiyo maana mwaka 2013 ulifungwa mtambo wa TTMS wa kufuatilia mawasiliano, ukakabidhiwa rasmi kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, Januari 2019. Kazi yake kubwa ni ileile unayoifanya wewe na Master.csv yako: kulinganisha kilichopita na kilichotangazwa.

11. Funga kabati

Fupi tu. Rekodi za simu zinaonyesha nani anaongea na nani, saa ngapi, kwa muda gani. Nani alipiga kituo cha tiba na matunzo, nani anatafuta kazi kwingine. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Usibandike ripoti yenye majina ukutani, usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Mpe mhasibu jumla za kila idara, na kila mtu umwonyeshe za kwake. Kila Ijumaa weka nakala kwenye diski ya nje, ifungie.

Ukiwa hapo, andika df -h. Diski iliyojaa huzuia kila kitu kuandikwa, zikiwemo rekodi za simu, na kinachoijaza mara nyingi ni sauti zilizorekodiwa ambazo hakuna anayezisikiliza.

12. Dai chako, kwa karatasi

Umepita kote na bado kampuni imewazidishia? Hongera, sasa una haki ya kulalamika, na una ushahidi. Usiwapigie ukiwa na jazba useme "mmetuibia". Waandikie. Chagua simu kumi tu ambazo kwenu zinasomeka tofauti na kwao, na kwa kila moja weka tarehe, saa ya Afrika Mashariki, namba iliyopigwa, sekunde kwenye seva yenu na sekunde kwenye bili. Ambatanisha matokeo ya simu zako za majaribio. Anayepokea lalamiko la aina hiyo hawezi kukujibu kwa "tunalifanyia kazi" peke yake, kwa sababu umempa la kutafuta kwenye mtambo wake.

Wakikujibu vizuri, sahihisheni na mwendelee. Wasipojibu, au jibu lisiporidhisha, tunza barua yako, na jibu lao kama lipo, upeleke lalamiko TCRA. Huko utaulizwa kwanza kama ulianza na kampuni yenyewe, kwa hiyo usiruke hatua hiyo. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.